Mkanda wa taimingi: Usisubiri ukatike na mzigo ukiwa njiani

PIKAPU iliyopakia magunia ya kabichi inaondoka Lushoto alfajiri kuteremka kwenda Mombo, ambako mzigo utahamishiwa kwenye lori la Dar es Salaam. Ikiwa imepita Soni, katikati ya zile kona za mteremko, injini inazimika ghafla. Haikukohoa, haikupiga kelele wala kutoa moshi. Usukani unakuwa mzito, na dereva akikanyaga breki mara ya tatu anakuta pedeli imekuwa ngumu. Akiwa na bahati, anafanikiwa kulisimamisha gari pembeni na utingo anawahi kuweka jiwe mbele ya tairi.

Kinachofuata madereva wengi wanakifahamu. Dereva anadhani dizeli imeingia hewa. Anafungua boneti, anapampu kwa mkono, kisha anapiga stata. Stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, lakini haiwaki. Wapita njia wanaombwa kusukuma. Mpaka fundi afike, jua limeshapanda na lori la Mombo limeondoka. Fundi anafungua kava la plastiki lililo mbele ya injini na kuonyesha kitu kilichofanana na kipande cha kandambili kilicholiwa na panya. Mkanda wa taimingi umekatika.

Hasara ya siku hiyo huwa tatu. Ya kwanza ni mzigo ulionyauka. Ya pili ni injini, ambayo huenda vali zake zimepinda. Ya tatu, ambayo wengi husahau kuihesabu, ni siku ambazo gari litalala gereji wakati mazao mengine yanaiva shambani na wateja wanatafuta mtu mwingine wa kuwaletea.

Kinachouma zaidi ni kwamba hasara zote hizo husababishwa na kipuri ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kufungua na kutengeneza injini nzima. Na ni kipuri ambacho watengenezaji wa magari huandika kabisa kwenye kitabu cha gari kuwa kibadilishwe kila baada ya kilomita kadhaa, hata kama bado kinaonekana kizima.

Kazi ya mkanda huo

Ndani ya injini kuna shafti mbili ambazo lazima ziende pamoja. Ya chini, ambayo mafundi huiita krenki, inasukumwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Ya juu, kemshafti, inafungua na kufunga vali zinazoingiza hewa na kutoa moshi. Kila krenki inapozunguka mara mbili, kemshafti inatakiwa izunguke mara moja tu, na kwa wakati wake hasa. Mkanda wa taimingi ndio unaoziunganisha. Ni mpira wenye meno upande wa ndani, na ndani ya mpira huo kuna nyuzi imara zinazouzuia usivutike.

Katika injini nyingi za dizeli za pikapu na Hiace za zamani, kwa mfano Toyota 2L, 3L na 5L, mkanda huo huo huendesha pia pampu ya dizeli. Ukikatika, dizeli inakoma kupelekwa na vali zinabaki zilipo. Lakini gari likiwa kwenye mteremko na gia imeingia, matairi yanaendelea kuizungusha krenki, na pistoni zinaendelea kupanda.

Hapo ndipo tofauti ya dizeli na petroli inapoonekana. Injini ya dizeli huikandamiza hewa kwa nguvu sana. Injini ya 3L huikandamiza hadi takriban sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa awali. Maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu, nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Vali iliyobaki wazi hugongwa na pistoni. Vali hupinda, na wakati mwingine kemshafti huvunjika au pistoni hupasuka.

Si kila gari lina mkanda

Kabla ya mtu kuingia gharama, ajue kwanza injini yake ni ya aina gani. Zipo zenye mkanda, zipo zenye cheni ya chuma na zipo zinazotumia gia tupu. Cheni na gia huogeshwa na oili na kwa kawaida hazina muda wa kubadilishwa kama mkanda, ingawa cheni nayo huchakaa oili ikipuuzwa.

Kwa upande wa dizeli, Toyota 2L, 3L na 5L zinazopatikana kwenye Hilux na Hiace za zamani zina mkanda. Toyota 1HZ ya Land Cruiser ina mkanda. Mitsubishi 4D56, iliyofungwa kwenye Pajero na L200 nyingi, ina mikanda miwili, mkubwa na mdogo. Mdogo huendesha shafti za kutuliza mtikisiko, na ukikatika vipande vyake vinaweza kuingia kwenye ule mkubwa na kuung'oa. Kwa hiyo mikanda hiyo hubadilishwa yote kwa pamoja. Nissan TD27 na Mitsubishi Canter zenye injini ya 4D33 hutumia gia, hivyo wenye magari hayo hawana mkanda huu wa kuhofia.

Kwa petroli, Corolla za miaka ya 1990 zenye injini za 4A-FE na 5A-FE zina mkanda, lakini pistoni zake hazigongani na vali. Mkanda ukikatika gari linazimika tu, na likifungwa mpya linaondoka. Probox zenye 1NZ-FE na Corolla zenye 1ZZ-FE zina cheni. Subaru nyingi za zamani zenye injini ya EJ20 zina mkanda, na nyingi kati yake vali hupinda.

Namba ya injini imechongwa kwenye injini yenyewe, na kwa magari mengi ya Japani ipo pia kwenye kibati kilichopigiliwa chini ya boneti. Mmiliki aiandike kwenye daftari lake, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa dukani.

Mtego wa gari la mkononi

Toyota waliweka taa kwenye dashibodi za dizeli zao nyingi, yenye maandishi T-BELT, ambayo huwaka gari linapotimiza kilomita 100,000 ili kumkumbusha mwenye gari kubadilisha mkanda. Ni msaada mkubwa kwa aliyenunua gari jipya. Kwa aliyenunua gari ambalo limeshapita mikono mitatu au minne, taa hiyo inaweza kumdanganya.

Kwanza, taa huzimwa kwa kubonyeza kitufe au kuhamisha skrubu kwenye dashibodi, na fundi anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Pili, balbu inaweza kuwa imeungua au imetolewa. Kwa kawaida ufunguo ukiwashwa kabla ya kupiga stata, taa hiyo huwaka pamoja na taa ya oili na ya betri. Kama zote zinawaka isipokuwa hiyo, kuna la kuuliza. Tatu, mita ya kilomita yenyewe inaweza kuwa imerudishwa nyuma, imekufa kwa miaka miwili, au dashibodi nzima imetoka kwenye gari jingine.

Kuna karatasi nyingine ambayo huwapotosha wengi. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda hubandika stika ndogo kwenye kava la mkanda au chini ya boneti, wakiandika kilomita na tarehe. Mara nyingi mwaka huo huandikwa kwa kalenda ya wafalme wao. Mnunuzi akiona mwaka umeandikwa "15" anafurahi kwamba mkanda ulibadilishwa mwaka 2015. Kumbe kwa gari la zamani, hiyo huwa ni mwaka wa 15 wa enzi ya Heisei, yaani mwaka 2003.

Hesabu yake ni rahisi. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989 na kuisha mwaka 2019, kwa hiyo mtu ajumlishe 1988 kwenye namba aliyoiona. Heisei 10 ni mwaka 1998, na Heisei 20 ni mwaka 2008. Stika nyingi huweka herufi H mbele ya mwaka huo. Mkanda ambao muuzaji anauita "wa juzi tu" unaweza kuwa na umri wa kijana aliyemaliza shule.

Kwa sababu hizo, kanuni salama kwa mkulima au mfanyabiashara anayenunua gari la mkononi ni moja. Kama hakuna risiti au maandishi yanayoeleweka, mkanda uhesabiwe kuwa umeisha muda siku ile ile gari linaponunuliwa. Gharama ya mkanda mpya iingizwe kwenye bei tangu wakati wa kupatana, kama vile mtu anavyopunguza bei kwa ajili ya matairi yaliyokwisha. Baada ya hapo mmiliki anaanza hesabu yake upya, akijua mwanzo wake.

Kukagua bila kujidanganya

Fundi akifungua kava la juu, injini ikiwa ya baridi na imezimwa, mengi huonekana. Mkanda mbovu huwa na nyufa ndogo katikati ya meno, jino lililong'oka, kingo zilizochanika nyuzi, au mgongo unaong'aa na kuwa mgumu. Mkanda uliolowa oili, dizeli au maji ya rejeta hauna wa kuutetea, kwa sababu vitu hivyo huulainisha mpira na kuufupishia maisha. Katika hali hiyo kubadilisha mkanda peke yake hakutoshi, maana mpya nao utaloweshwa na sili ile ile inayovuja.

Kava lenyewe likaguliwe pia. Magari mengi ya shamba yamepoteza bolti za kava au kava limepasuka. Vumbi, mchanga na kokoto huingia humo, na kokoto moja ikinasa kati ya puli na mkanda inatosha kumaliza safari.

Hata hivyo, ukaguzi una mpaka wake. Mkanda ukionekana mbovu, ubadilishwe. Ukionekana mzuri, hiyo si hati kwamba utafika Jumamosi. Nyuzi za ndani huchoka bila mpira wa nje kuonyesha dalili. Kinachoamua ni kilomita na umri, na kinachotangulia kati ya viwili hivyo ndicho kinachohesabiwa. Gari lililokaa uani miaka minane likiendeshwa kwa nadra lina kilomita chache, lakini mpira wake umezeeka.

Kwa injini nyingi za Toyota zilizotajwa, kiwango cha mtengenezaji ni kilomita 100,000. Kwa gari linalobeba mzigo mzito, kwenye vumbi na milima, ni busara kutosubiri mpaka kilomita ya mwisho. Wengi hubadilisha kwenye 80,000.

Siku ya kubadilisha

Kazi hii si ya kujifunzia. Fundi akikosea jino moja, gari linaweza kuwaka kwa shida, kutoa moshi na kukosa nguvu. Akikosea zaidi, vali zinagongwa siku ile ile. Lakini mmiliki anaweza kusimama pembeni akajua kama kazi inafanywa inavyotakiwa.

Fundi mzuri huanza kwa kutoa waya wa betri. Kisha hutoa mkanda wa feni, puli kubwa ya krenki na kava. Kabla ya kutoa mkanda wa zamani, huizungusha injini kwa spana mpaka alama za puli zote zilingane na alama zilizochongwa kwenye injini. Kwenye 3L na 5L alama hizo ni za krenki, kemshafti na pampu ya dizeli. Anayeng'oa mkanda kwanza ndipo atafute alama baadaye, afaa kusimamishwa.

Rola ya kukazia mkanda hubadilishwa pamoja na mkanda. Rola ikizungushwa kwa kidole ikatoa mlio au ikayumba, bearingi yake imekwisha, na ikikwama itaukata mkanda mpya. Sili za oili za krenki na kemshafti zilizo nyuma ya puli hizo nazo zibadilishwe wakati huo, kwa kuwa kazi ya kuzifikia imeshafanyika. Kwenye injini ambazo pampu ya maji huendeshwa na mkanda huo huo, kama Subaru, pampu nayo ikaguliwe na ikibidi ibadilishwe. Kwenye 3L pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa feni, hivyo hiyo ni habari nyingine.

Mkanda mpya huvalishwa kwa mkono. Haupaswi kulazimishwa kwa bisibisi, kukunjwa kama karatasi wala kupakwa sabuni au grisi. Ukishakazwa, fundi huizungusha krenki kwa spana, kwa mkono na polepole, mizunguko miwili kamili, kisha hutazama alama kama zimerudi mahali pake. Akisikia imegota, asilazimishe, atafute kosa. Hatua hiyo huchukua dakika chache tu, na anayeiruka ili apige stata haraka anacheza na injini ya mwenzake.

Dukani, mnunuzi aende na namba ya injini na, ikiwezekana, mkanda wa zamani ili meno yahesabiwe na upana ulinganishwe. Mkanda uliofungwa kwa kamba ukakunjwa kwa nguvu, ulioanikwa juani mlangoni, au wenye maandishi yanayofutika kwa kidole, usinunuliwe hata ukiwa wa bei ya chini. Risiti iombwe na ihifadhiwe.

Ukikatika njiani

Dalili yake ni injini kuzima kwa mara moja, na stata kuizungusha kwa wepesi kama vile hakuna kinachoizuia. Hapo dereva aache. Asiendelee kupiga stata, asisukumwe na asivutwe akiwa ameingiza gia, kwa sababu kila mzunguko wa krenki unaweza kuongeza vali nyingine iliyopinda. Kosa la kudhani ni hewa kwenye dizeli ndilo hugeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Kava la juu lifunguliwe kwanza. Kama mkanda umekatika au umekosa meno, gari livutwe likiwa gia huru, na fundi apime injini kabla ya kuamua kufungua silinda hedi.

Kuitafutia fedha

Wenye magari wengi hawakatai kubadilisha mkanda. Tatizo ni kwamba fedha huhitajika kwa mkupuo, na mara nyingi siku ambayo mbolea na ada za shule nazo zinasubiri. Njia nyepesi ni kuuhesabu mkanda kama gharama ya safari, kama dizeli.

Chukua mfano wa pikapu inayokwenda kilomita 60 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki ni kilomita 360, na kwa mwaka ni kilomita 18,720. Itafika kilomita 80,000 baada ya miaka minne na miezi michache. Mwenye gari akitenga shilingi tano kwa kila kilomita, anaweka shilingi 300 kwa siku. Kwa mwaka atakuwa na shilingi 93,600, na kwa miaka minne shilingi 374,400. Bei za vipuri na ufundi hutofautiana kati ya mji na mji, hivyo kila mmoja aulize kwake na kurekebisha hesabu hiyo. Muhimu ni kwamba fedha iwepo kabla ya mkanda kuomba.

Muda nao upangwe. Gari liingie gereji wiki ambayo shamba halijaanza kutoa, na siyo katikati ya mavuno. Kazi ikikamilika, tarehe na kilomita ziandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye kava la mkanda, na pia kwenye daftari pamoja na jina la fundi. Anayefuata kulinunua gari hilo atakuta maandishi ambayo mmiliki wa sasa hakuyakuta, na maandishi hayo nayo yana thamani wakati wa kupatana bei.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Kwa mwenye pikapu ya zamani, ufa huo uko nyuma ya kava la plastiki lenye bolti chache. Atakayelifungua gari likiwa limelala nyumbani atalipia mkanda. Atakayengoja lifunguliwe kwenye mteremko wa Soni atalipia mkanda, injini na kabichi.